Bulamatari Anakula Peke Yake

Nilifika Walikale nimekaa juu ya magunia ya chumvi, nyuma ya kamio, lori la mizigo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kapita wa duka: nauza chumvi, sabuni na vitambaa vya tajiri mmoja aliyeishi mbali na asiyependa matope. Kwetu ni Mushaki, kwenye ng'ombe na baridi. Kubishana bei nilikujua kwa lugha tatu, nikadhani hiyo inatosha kupata marafiki. Wateja nilipata. Jioni, duka likifungwa, hakuna aliyebisha hodi.

Ndipo nikagundua kwamba nina jina.

“Punguza kidogo, Bulamatari,” alisema mama mmoja muuza ndizi.

“Bulamatari ni nani, Mama?”

“Si wewe! Bantu bote banakuita vile. Punguza kwanza, njo nikueleze.”

Nikapunguza. Akabeba chumvi yake, akaenda zake akicheka.

Neno lenyewe nililijua. Kwetu milimani, Bulamatari alikuwa Serikali, yule anayekuja kuhesabu ng'ombe. Siku ya kuhesabiwa, baba alificha baadhi kwa jirani, na jirani akaficha baadhi ya ng'ombe wake kwetu, kwa hiyo Bulamatari akapata hesabu ileile. Dereva wa kamio alinipa maana nyingine: zamani, huko Kongo ya chini karibu na bahari, watu walimwona mzungu akipasua majabali ili apitishe njia, wakamwita mvunja mawe. Mzungu akafa, jina likapanda mto na wenzake. Nilizipima maana hizo mara mbili, na sikujiona ndani ya hata moja. Sikuwahi kuvunja jiwe, na ng'ombe wa mtu sikuwahesabu.

Nikamuuliza mzee jirani yangu, aliyekuwa akisuka kikapu mlangoni pake.

“Bulamatari alitutoa kule ndani ya pori, kwenye makaburi ya baba zetu,” alisema. “Akasema tukae hapa barabarani, atuone vizuri. Sawa, anatuona. Lakini yeye akifika, anaingia mu nyumba yake ya wageni, anafunga mulango, anakula. Hatujaona mudomo yake ikitafuna. Na yako hatujaiona.”

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Hapo kila jioni wanaume walikula pamoja barazani, kibanda kisicho na kuta, kila mke akileta chungu chake. Mimi nilifunga mlango kwa heshima! Kwetu, mtu mwenye malezi hatafuni mbele ya macho ya watu. Maziwa unaweza kunywa hadharani. Chakula ni siri ya nyumba.

“Kwetu ni aibu, Papa,” nikamwambia.

“Aibu?” Akaweka kikapu chini. “Hapa, mwenye kula ndani anaficha nyama. Ao anaficha jambo mubaya kupita nyama. Chagua, kaka.”

Kesho yake nilibeba sahani yangu mpaka barazani. Wanaume wakaacha vyungu, wakanitazama. Nikakaa pembeni, nikatia tonge mdomoni, nikaficha mdomo kwa kiganja kama bibi harusi. Nilitafuna tonge lile mpaka likawa maji.

“Anatafuna!” mmoja akapaza sauti. “Bulamatari iko na meno!”

Baraza lote likaangua kicheko. Mzee akasukuma chungu cha samaki mbele yangu. Jina halikunitoka, lakini tangu siku hiyo, nikichelewa, mtu alikuja dukani kuniita.

Msimu wa mvua ulipokwisha nikapewa ruhusa ya kwenda kuwaona wazazi Mushaki. Mama alipika viazi na maharage, akaniwekea sahani chumbani, akarudisha mlango taratibu, kwa adabu zote alizonifundisha. Niliketi mbele ya chakula hicho nikisikiliza kama kuna mguu wa mtu unakuja kuniita. Nje ng'ombe walikuwa wanarudi. Chakula kikapoa.