Kikombe Kilichoninyima Mbuzi

Wajukuu wangu wanasema mimi nina roho safi. Waache waseme. Wote nimewalea, wote wanasoma, na mimi mwenyewe shule niliionja kidogo tu, ndiyo maana naandika polepole. Lakini kuna mwanamke mmoja hapa Isiolo niliyemwonea wivu mpaka nikawa naamka na uchungu mdomoni. Na hakunikosea kitu. Hilo ndilo lilinimaliza zaidi.

Ukame wa miaka ya themanini ulitukuta upande wa Merti tukiwa na ng'ombe, ukatuacha na ngozi zao. Tukatembea mpaka Isiolo, tukajenga pembeni ya mji kwa fito, magunia na mabati ya kuokota. Mume wangu, mtu aliyekuwa na zizi lake, akaenda kuswaga ng'ombe za matajiri. Mimi nikabaki na watoto wanne na mahindi ya manjano ya msaada, yale unachemsha tangu asubuhi na jioni bado yanakusumbua meno.

Jirani yangu alikuwa mjane, mtu wa kwetu kabisa. Watoto watatu, na mbuzi mmoja aliyebaki, mwembamba kama ngazi. Mimi sikuwa hata na huyo.

Ndipo tukasikia kuna shirika la msaada litagawa mbuzi. Si mahindi, mbuzi majike, wa kumwanzisha mtu upya. Mahindi yanashibisha leo tu. Mbuzi anakurudishia jina lako. Wakasema watu wao watapita nyumba kwa nyumba kuangalia nani hana kitu kabisa. Nikajua jina langu limo tayari. Nani hana kitu kuliko mimi?

Asubuhi ya siku hiyo nikaangalia: majani ya chai yapo, sukari ya kukwangua ipo, maziwa hakuna. Na kwetu, kumpa mgeni chai ya rangi ni kama kumpa mgongo. Nikachukua kikombe, nikaenda kwa jirani.

"Salaam aleikum. Nipe maziwa kidogo, dada. Wageni wanakuja."

"Aleikum salaam. Wageni gani, si hao wa mbuzi? Hata kwangu wanakuja."

"Kwangu ndiko wataanza. Niko karibu na barabara."

Akacheka. "Wewe hata njaa yako unaivalisha leso mpya." Lakini akamimina yote aliyokamua, mpaka tone la mwisho.

"Na wewe je?"

"Mimi wataniona nilivyo."

Wakaja wawili, mama mmoja mgeni mwenye daftari, na msichana wa mjini wa kumtafsiria. Nilikuwa nimefagia, nimetandika mkeka, watoto nimewakalisha wima na kuwaonya kwa macho. Nikawapa chai nzito ya maziwa.

"Mama, chai yako ni tamu," msichana akasema. "Maziwa mnapata?"

"Alhamdulillahi."

"Na watoto wanakula?"

"Alhamdulillahi."

Ningejibu nini kingine? Mgeni haambiwi njaa. Mgeni anapewa kikombe, kisha anatumia macho yake. Yule mama akaandika, akanishika mkono, wakaondoka. Nikajisifu siku nzima.

Kwa jirani walipewa chai ya rangi, tena bila sukari. Msichana alipouliza maziwa, akaambiwa yamekwisha. Hakuambiwa yamekwenda wapi.

Majina yalisomwa kwa chifu. La jirani likasomwa. Nikangoja langu mpaka karatasi ikakunjwa. Nikamfuata yule msichana.

"Mama, wewe uko sawa," akaniambia kwa upole. "Kwako tulikunywa chai ya maziwa. Tulikuwa tunatafuta wale hawana."

Jirani alikuwa amesimama hapo hapo. Akaangalia chini. Angeweza kusema. Hata mimi ningeweza kusema, yale maziwa ni ya huyu. Mbele ya wanaume wote wale? Heri ningevua nguo.

Mbuzi wakaja na lori. Kuanzia siku hiyo sikulala alfajiri. Wakilia, ni kama wananiita kwa jina kisha wanacheka. Nikawakataza watoto wangu kushika mbuzi wake. Salaam yake niliijibu kwa sababu dini inataka, basi. Na usiku mmoja, Mungu anisamehe, nilimsikia fisi ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu, nikamtakia njia njema.

Mbuzi wa kwanza alipozaa, jirani akaja mchana kweupe anamvuta kwa kamba.

"Dabare," akasema. Hiyo ni desturi yetu: maziwa unakamua wewe, mnyama na uzao wake ni wa mwenyewe.

Nikamzunguka yule mbuzi nikitafuta kasoro. "Kiwele kidogo."

"Nirudi naye?"

"Sijasema hivyo."

"Siku ile ningekunyima maziwa, wangesoma jina lako."

"Si ungeninyima basi."

Yeye akacheka. Mimi nikachukua kamba. Watoto wangu wakanywa maziwa, mashavu yakarudi, na kila nikikamua nilijua ninakamua mali ya mwingine.

Mwaka ukapita, wale wa shirika wakarudi kuona mbuzi zao zinaendeleaje. Mbuzi za jirani zilikuwa zimepelekwa malishoni upande wa Gotu, akabaki yule wa dabare kwangu tu. Asubuhi nikamwona mlangoni na kikombe.

"Nipe maziwa kidogo, dada. Wageni wanakuja."

Nikajaza mpaka juu. Msidhani ni wema. Nilipiga hesabu: kwake watakunywa chai ya maziwa, kwangu ya rangi, na safari hii nitaandikwa mimi. Sikufagia. Mkeka nikaukunja, nikauficha. Nikachemsha chai nyeusi kama lami, nikakaa mlangoni kungoja kuonekana maskini.

Nikawasikia wakicheka kwa jirani. Kisha gari likawaka. Likapita mbele yangu, yule msichana akanipungia mkono, vumbi likanifunika. Walikuja kwa ajili ya waliopewa mbuzi. Watu wasio na mbuzi hawakuwa kwenye safari hiyo.

Jirani akaja na kikombe kimefunikwa kwa kisahani. Akaangalia uchafu wa nyumba yangu, akaangalia ile chai nyeusi, akaelewa yote. Akaninyooshea kikombe.

"Nimekubakishia. Kunywa, itapoa."

Nikanywa. Ilikuwa na harufu ya moshi ninaofukizia chombo changu mwenyewe cha maziwa, na ilikuwa tamu. Hata hilo liliniuma.