Kompyuta ya Wageni

Kila nyumba niliyoingia nikiwa mtoto, kutoka Wamunyu hadi Machakos mjini, ilikuwa na vikombe vya aina mbili: vya kutumia na vya wageni. Vya wageni vilikaa kabatini nyuma ya kioo, juu ya kitambaa cha kufuma, na mgeni wa kustahili kuvinywea hakuwahi kufika. Hata padri alipokuja kwetu alinywea cha plastiki, kwa sababu funguo za kabati hazikuonekana. Sikujua kwamba desturi hiyo ingenifuata hadi kazini.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za kliniki moja ndogo hapa mjini. Mwenye kliniki ni muuguzi mstaafu, mama mwenye huruma kwa wagonjwa na ubahili kwa vitu. Sote humwita Sista. Rekodi za wagonjwa zilikaa kwenye kompyuta moja tu, nami nilimsumbua mwaka mzima anunue ya pili, ili moja ikizimika nyingine iendelee na mgonjwa asijue kumetokea nini. Hatimaye akanunua. Nikaziunganisha, kila kilichoandikwa huku kikawa kinaandikwa na kule, nikaenda likizo ya wiki moja nikiwa na amani.

Niliporudi, kompyuta ya pili ilikuwa kabatini, imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua, kando ya seti ya vikombe.

"Sista, nani amezima hii?"

"Ni mimi. Bado iko mpya, itazeeka bure na hii vumbi. Ile ingine ikiharibika, tutatoa hii."

"Lakini ikiwa imezimwa haiandiki kitu. Siku tutaitoa, itakuwa haijui chochote."

"Akiba haiozi," akanijibu, akafunga kabati.

Nilibishana naye siku hiyo, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Kisha nikachoka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilichoka.

Ni katika miezi hiyo mama yangu alipochomwa sindano pale kliniki, akavimba uso na koo, nusura tumpoteze. Daktari wa zamu alimwokoa, akaandika jina la dawa ile kwenye kompyuta. Mama akatoa daftari lake, lile la mtoto wa shule ambalo wagonjwa wa huku hubeba kila waendapo hospitali, akataka aandikiwe humo pia. Mimi, mtaalamu, nikamwambia aache ushamba, mambo yote yako kwa kompyuta. Akalirudisha mkobani.

Miezi mitano baadaye nilimleta asubuhi na nimonia, anahema kama aliyepanda milima ya Iveti mbio. Sista akavuta dawa kwenye sindano huku nikimfungulia faili. Kabla faili haijafunguka, stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na kompyuta ikatoa harufu ya waya kuungua, ikanyamaza.

"Ni dawa gani ilimletea shida ile siku?" Sista akaniuliza.

Sikujua. Mama akajaribu kusaidia. "Ilikuwa ya unga mweupe. Wanachanganya na maji."

Sista akatazama trei yake. Chupa tatu, zote za unga mweupe. Daktari wa zamu alikuwa amehama kazi na simu yake haikupatikana. Sista akaiweka sindano chini, akamfunga mama oksijeni, akampa vidonge alivyoviamini, akaniambia wazi kwamba havitatosha.

Nikafungua kabati. Nikatoa vikombe, nikatoa kitambaa, nikawasha kompyuta ya wageni. Ikaniambia nisubiri, inajisasisha. Ilikuwa imelala miezi, sasa imeamka na madai mengi kuliko mgonjwa. Ilijisasisha, ikajizima, ikajiwasha, ikaanza tena, na nyuma ya pazia nikimsikia mama akikohoa. Ilipokubali kufunguka, niliona jina lake, umri wake na presha yake. Hapakuwa na habari ya kuvimba. Kwa kompyuta ile, jambo hilo halikuwahi kutokea.

Nilimkasirikia Sista, kisha nikajikasirikia zaidi. Mganga hajigangi, ni kweli, lakini mimi nilikuwa nimemnyang'anya mama hata daftari lake.

Nikavuka barabara kuazima bisibisi kwa fundi wa simu, nikaifungua ile iliyoungua. Kumbe kilichokufa ni kile kisanduku cha ndani kinachopokea stima. Diski yenye rekodi ilikuwa nzima. Nikaihamishia kwenye ile ya kabatini, na saa saba na nusu mchana faili ya mama ikafunguka.

Dawa yenyewe ilikuwa ile ile iliyokuwa tayari kwenye sindano.

Sista alisoma mara mbili. Akaimwaga dawa kwenye sinki, akachukua chupa nyingine, na hatukuangaliana.

Mama alipona. Siku hizi kompyuta zote mbili zinawaka, ila ile ya pili bado ina kitambaa juu. Nakitoa kila asubuhi kwa sababu ya joto, na Sista anakirudisha.

Nilipomtembelea mama nyumbani, nilimkuta na daftari jipya.

"Andika hiyo dawa," akasema. Nikaandika. "Sasa andika tena, kwa karatasi ingine."

"Mama, umeshaandikiwa. Na kompyuta ziko mbili sasa."

"Hiyo karatasi ukae nayo kwako, mwiitu wakwa, binti yangu. Nyumba yangu ikiungua, daftari itaungua nayo."

Hayo ndiyo maneno ninayolipwa kuwaambia watu. Nikachana karatasi, nikaandika.