Mpaka wa Mchungaji Mihayo

Mchungaji Mihayo alipoletwa Kimwani nilimpima kwa macho nikasema huyu hamalizi mwaka. Alikuwa Msukuma wa Sengerema, mrefu, mpole, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Nilimkaribisha nyumbani kwa kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha kila mgeni. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia mfukoni. Alidhani nimempa mbegu za kupanda.

Mimi Vestina ni mzee wa kanisa. Uzee ulianza kuwa wa cheo, mvi zikafuata baadaye. Wachungaji nimewaona wengi. Kuhubiri wanaweza, kinachowatoa jasho ni kuketi katikati ya watu wasiopendana. Kanisa letu lina Wahaya wenye vibanja, mashamba ya migomba ya ukoo, ambao wazazi wao walilijenga, na lina wauza samaki waliohamia kutoka visiwani, ambao siku hizi ndio wanaojaza viti. Kuimba tunaimba pamoja vizuri. Kikao kikianza, kila upande unakaa na wake.

Siku ya usafi wa kiwanja mchungaji alitutangulia. Alitaka kupanua upande wa chini ili watoto wapate mahali pa kufundishiwa. Nilipofika nilimkuta na jembe mkononi, shati limelowa, na nyuma yake lundo la majani. Alikuwa ameng'oa milamula yote iliyotutenganisha na kibanja cha mzee Rutashobya.

Mtu wa hapa haelezwi. Mlamula ni mmea mwembamba wa majani marefu, hauliwi wala hauuzwi, lakini ndio mpaka. Unapandwa majirani wakishuhudia, na anayeung'oa ni mwizi wa ardhi hata kama hajachukua unyayo mmoja. Kwao Sengerema mpaka ni mkonge, kwa hiyo yeye aliona kichaka. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, naye hakuuliza.

"Mchungaji, umefanya nini?"

"Nimesafisha, Mama," akajibu, anatabasamu.

Jumapili iliyofuata viti vya mbele vilikuwa vitupu. Rutashobya hakuja, na ukoo wake haukuja, na ni baba yake aliyetoa kiwanja cha kanisa. Walisali uani kwake. Tukawa tunasikia nyimbo zao kupitia migomba wakati na sisi tunaimba zetu. Iliniuma sana, maana mke wake nilibatizwa naye siku moja.

Katika kikao cha wazee, Lameki muuza samaki, mtu mwema lakini mbishi, alisimama wa kwanza. "Mchungaji hapigi magoti kwa muumini. Leo akiomba radhi kwa ajili ya kichaka, kesho mtamtuma maji."

Mihayo aliwasikiliza wote mpaka wakachoka. "Nitaenda," akasema. "Nimeng'oa mpaka wa mtu. Na wewe Lameki, siku ukiondoka kwa kosa langu, nitakufuata hivyo hivyo."

Nilimsindikiza mimi. Rutashobya alituacha tumesimama uani, bila kiti wala kahawa. Mchungaji akavua kofia.

"Baba, nilikosa. Sikujua, lakini kutojua kwangu hakukurudishii mpaka. Nionyeshe ulipokuwa, niupande mwenyewe."

Siku ya kupanda majirani walijaa. Mlamula hauna makuu, ukichomeka kipande cha shina ardhini kinachipua. Rutashobya akatembea polepole na fimbo yake, akafika penye mashimo ya mizizi ya zamani, akayapita. Akaingia upande wetu hatua mbili, akachoma fimbo.

"Hapa."

Kila mtu aliona. Mashimo bado yalikuwa wazi nyuma yake. Lameki alifungua mdomo, mchungaji akamtazama, akaufunga. Majirani wakatazama chini, maana mzee yule ni rika la baba zao. Mihayo akapiga magoti kwenye tope, akapanda palepale penye fimbo, shina baada ya shina.

Kurudi nilikuwa nawaka. "Uliona?"

"Niliona, Mama."

"Na ukanyamaza?"

"Ardhi ni ya kanisa, nitaulizwa. Lakini nikibishana naye mbele ya majirani, hatarudi tena. Acha arudi kwanza."

Nilimwambia upole ukizidi ni uzembe. Akacheka kile kicheko chake, nami sikucheka.

Rutashobya alirudi na ukoo wake, akakaa kiti chake. Kila Jumapili mchungaji alimpa mkono mlangoni, akamuuliza habari za mguu unaomsumbua, basi. Mpaka hakuutaja. Wauza samaki ndio sasa walionuna. Walisema mchungaji amegawa kiwanja kama mtu anayegawa ndizi, na Lameki akaniambia waziwazi kwamba baada ya mavuno ya kahawa watakwenda kwa wakubwa kuomba aondolewe. Niliogopa kumpoteza mchungaji, na nilimkasirikia kwa kunifanya niogope.

Mvua za masika zilipokuwa zinaishia, asubuhi moja nafagia kanisa, nikasikia jembe. Nilitoka. Rutashobya alikuwa peke yake, anang'oa ile milamula, ambayo tayari ilikuwa imechipua, na kuirudisha kwenye mashimo ya zamani. Alikuwa anahema.

"Waitu, Tata," nikamwita kwa heshima ya Kihaya, "nikusaidie?"

"Niache. Niliuweka mimi." Akaegemea jembe. "Angenigombeza, ningeweza kuishi nao pale. Lakini kila Jumapili ananiuliza habari za mguu."

"Nimwite?"

"Usimwite. Atauona akipita."

Mchungaji alipita jua limeshapanda, Rutashobya ameshaingia kwake, naye yuko na Lameki. Wote wawili wakasimama. Lameki akaangalia udongo mbichi, akaangalia mistari ya mashina, akavua kofia asijue aiweke wapi. Mihayo aligeuka, akaingia kwenye migomba ya Rutashobya, tukamsikia anapiga hodi.

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa nikingoja, Lameki kando yangu. Alipotoka alikuwa anatafuna kahawa, uso umekunjamana kwa uchungu wake, na hakuitema.