Mama Mkwe Chini ya Waya Mfu

Subol Karmakar anaendesha treni ya umeme ya Bardhaman tangu masharubu yake yakiwa meusi, na kinachomvimbisha kichwa ni kimoja: hajawahi kukwama kwenye waya mfu. Anayekwama huitwa Kunguru mpaka astaafu, kwa kuwa ametua kwenye waya kama ndege huyo, na mimi, gadi wake, ndiye bingwa wa kuwalilia wenzetu "kaa, kaa!"

Waya wetu hauna umeme kila mahali. Umeme wa kituo kimoja ukikutana na wa kingine ni balaa, kwa hiyo katikati wameacha kipande kitupu, ndicho waya mfu. Hapo dereva anakata umeme, mkono wa chuma juu ya paa unaburuzika kwenye waya usio na kitu, treni inateleza kwa mbio zake, na ng'ambo anaurudisha. Taa na feni huzimika kidogo tu.

Mama mkwe wake, Hemnalini, hakukubali kwamba hiyo ni kazi. "Waya ndio unaovuta, mkwe wangu. Wewe umekaa tu kama gunia."

Ikafika sikukuu ya mama mkwe kumlisha na kumpepea mume wa binti yake. Subol akanyimwa ruhusa. Hemnalini akaona isiwe tabu, akapanda treni yenyewe, sufuria ya samaki ilish mapajani, upepeo wa ukindu mkononi.

"Leo Mama ataona kama mimi ni gunia," Subol akaniambia.

Tulipofika kwenye waya mfu, alikata umeme palepale panapotakiwa. Feni zikazimika. Joto likapanda, na mama akapiga yowe: "Jamani, umeme umemuua mkwe wangu huko mbele!" Akaurukia mnyororo wa dharura wa kusimamishia treni, akaning'inia.

Tukasimama, mkono wa chuma umegusa waya mfu. Hapo ni kungoja treni ya nyuma ije itusukume. Subol akashuka, nusura alie.

"Kaa! Kaa!" nikampokea.

"Koma wewe!"

Hemnalini akachungulia dirishani. "Kumbe u mzima! Mbona hatuendi?"

"Hapa waya hauna umeme, Mama! Napita kwa mbio nilizokuja nazo, nawe umezivunja!"

"Yaani hapa waya hauvuti?"

"Hauvuti hata sisimizi."

"Siku zote unapita mwenyewe?"

"Mwenyewe!"

Mama akafunua sufuria. "Masikini, mwanangu. Panda ule."

Akamlisha kichwa cha ilish mbele ya abiria wote huku akimpepea kwa ule upepeo, ndiyo feni pekee iliyofanya kazi treni nzima. Mate yakanijaa, nikanyoosha mkono.

"Na huyu ni mkwe wa nani?" mama akauliza.

"Mpe mifupa, Mama," Subol akajibu, mdomo umejaa. "Amelia kama kunguru tangu tusimame."