Taa Isiyo na Wekundu

Ukinunua taa ya LED kwa mzee wetu papa Numbi, sokoni Kasuku, jiandae kusemwa. Wengi wanaomba iliyoandikwa 6500K, wakidhani namba kubwa ndiyo nguvu. Yeye huwaambia hiyo ni rangi ya mwanga, kisha anawapa sanduku lake la viatu lenye ufa mwembamba na kipande cha CD ndani. Ukichungulia, unaona mwanga umegawanyika rangi rangi. Kwenye taa mbovu wekundu karibu haupo, na chini yake zambarau inageuka bluu. Mimi ni fundi cherehani wa kibanda cha jirani. Amenigombeza sana kwa kuchagua uzi chini ya taa hizo.

Ujuzi huo aliutoa relini. Alikuja kutoka Katanga akiwa kijana, kazi yake ikiwa kukagua vioo vya taa za ishara. Mwaka 2002 vita ilifunga reli na barabara, njaa ikatubana sote. Mkewe, Bitota, alikwenda kutafuta muhogo upande wa Kailo, amevaa liputa, yaani kitenge cha kujifunga, ya zambarau yenye maua. Hakurudi. Kipande kilichobaki nyumbani liputa ile ilipokatwa Numbi alikifunga katika gazeti, kisipauke, akakitunza zaidi ya miaka ishirini.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Kailo, Joëlle, aliyesikia habari za Bitota. Wakati wa vita alimzika mwanamke aliyemkuta amekufa njiani, akachana upindo wa nguo yake na kuuficha, ndugu zake wakitokea wamtambue. Tuliweka vitambaa viwili pamoja mlangoni, juani. Maua yalikuwa yale yale. Cha Numbi kilikuwa zambarau, cha Joëlle bluu, wala hakikuwa kimepauka.

Numbi aliona vizuri kama mimi. Akavichukua vyote, akaingia ndani ya kibanda, akatoa taa mbovu kwenye droo na kuiwasha. Chini yake vyote vikawa bluu.

"Mama Aïcha," akaniita, "ona muzuri. Njo yenyewe?"

Nilimhurumia. Taa ile naijua, naye alijua kwamba naijua.

"Njo yenyewe, papa," nikamjibu kwamba ndiyo.

Sasa Kailo kuna msalaba wenye jina la Bitota. Mwanamke aliyelala chini yake alikuwa na watu wake, na wao bado wanamtafuta.