Nilimpeleka baba Bukoba kuliona daraja alilochora marehemu kaka yangu, ikabidi nimwambie nilichokuwa nimemficha

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo.

Mimi humu huwa nasoma na kupita. Leo naandika kwa sababu nimebeba jambo mwezi wa tatu sasa na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Yote ni kweli tupu, nimebadilisha majina tu. Kama wewe ni mtu wa Muleba ukanitambua, naomba unihifadhi.

Kwetu tulizaliwa wawili. Kaka yangu, nimwite Revo, halafu mimi. Mama alishatangulia. Baba yetu, tunamwita Tata, ni mkulima wa kahawa na migomba, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, maneno machache.

Pale kibanjani, kwenye shamba letu la nyumbani, kulikuwa na msonge wa babu. Kwa wasioujua, ni nyumba ya Kihaya ya zamani, ya mviringo, nyasi kuanzia kileleni mpaka chini. Ndani unaona fito na matete yamefungwa pete kwa pete, kubwa chini, ndogo juu.

Mimi niliuogopa. Giza, moshi, panya. Revo yeye alikuwa analala chali mle ndani, anaangalia juu tu, hata umwite chakula hasikii.

Akakua, akaenda chuo kusomea usanifu wa majengo.

Mwaka wa tatu akarudi likizo akakuta Tata ameubomoa msonge na kujenga stoo ya bati ya kuwekea kahawa.

Niwe mkweli, Tata alikuwa na sababu. Ulikuwa unavuja, nyasi za kuezekea zimekuwa adimu, na mafundi wake walikuwa wameshakufa wote.

Lakini Revo alisimama pale uani, majirani wanasikia, akasema, "Tata, umemzika babu mara ya pili."

Tata akamjibu taratibu kabisa, "Basi usikanyage hapa tena."

Na kweli hakukanyaga. Miaka saba, wakuu. Krismasi, Pasaka, hakuna.

Ila walikuwa wanaongea kupitia kwangu. "Mwambie kaka yako shangazi yake amelazwa." "Koku, mwambie Tata nimepata kazi." Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Muleba, Revo alipanga Nshambya pale Bukoba, kwa hiyo nikawa kama posta. Kila mmoja alinisisitizia nisiseme kwamba ndiye aliyeuliza habari za mwenzake.

Sasa ikaja habari ya daraja.

Ofisi aliyokuwa anafanyia kazi Revo ilipewa kuchora daraja la waenda kwa miguu, la kuvuka mto na kuunganisha bustani mbili za mjini. Mchoro uliopitishwa ulikuwa wake. Alifurahi kama mtoto. Kila jioni picha za saiti WhatsApp: nguzo, mbao, mafundi, yeye na kofia ngumu imemkaa upande.

Siku moja akanipigia. "Koku, mlete mzee. Jumamosi yoyote. Mwambie ni mimi nimeomba."

Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia.

Niliogopa Tata atakataa, atatoa neno gumu, halafu mimi ndiye nianze kulipeleka. Pia nilikuwa nimechoka, nina mitihani ya kusahihisha imejaa mezani. Nikajisemea wiki ijayo.

Akauliza tena. Nikamzungusha.

Mara ya tatu, ili yaishe, nikamwambia, "Nimemwambia. Amekataa."

Lilitoka kirahisi mno hilo neno.

Akasema, "Sawa. Usimlazimishe." Hakuuliza tena, na picha za saiti hazikuja tena.

Miezi michache baadaye figo zikagoma. Hakuugua muda mrefu. Alifariki daraja likiwa limebakiza kuwekewa vizuizi vya pembeni.

Tulimzika kibanjani, hatua chache kutoka ile stoo ya kahawa. Hivyo ndivyo kaka yangu alivyorudi nyumbani.

Tata hakulia mbele za watu. Alirusha udongo wake, akaenda kukaa peke yake kwenye migomba mpaka wageni walipoondoka.

Msibani wenzake Revo wa ofisini walikuwa wamelisimulia lile daraja, na baada ya misa ya arobaini Tata akaniambia, "Nataka kuliona hilo daraja la mwanangu."

Tukaenda Jumamosi. Alivaa koti lake la kanisani, akapiga kiwi viatu mwenyewe.

Wakuu, kama hamjawahi kufika pale sijui niwaelezeje. Unatembea kwenye bustani ya kwanza, miti na mabenchi ya kawaida tu, halafu njia inapinda na unajikuta unaingia ndani ya kitu. Mbao zimepindwa, zinapanda kutoka pande zote mbili na kukutana juu ya kichwa chako. Zimefungwa pete kwa pete, kubwa kwenye lango, zinapungua kuelekea juu. Katikati wameacha tundu, mwanga unashuka pale. Chini unasikia mto.

Siku ile kulikuwa na maharusi wanapiga picha, mpambe kashika gauni, watu wanacheka.

Tata alipofika kwenye lango akavua kofia.

Akaingia polepole. Akaweka kiganja kwenye ubao mmoja, akaenda wa pili, wa tatu. Akainua kichwa kwenye lile tundu, akakaa hivyo mpaka nikaogopa ataanguka.

"Hii ni nyumba ya baba," akasema.

Akageuka kunitazama.

"Kaka yako alikuwa mdogo, nikadhani analala tu mle ndani. Kumbe alikuwa anasoma." Akaonyesha juu. "Hata pale kwenye kufunga, amefunga kama baba."

Kuna benchi katikati ya daraja. Tukakaa. Maharusi wakapita, wakamsalimia shikamoo, akaitikia vizuri kabisa.

Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, "Koku, kwa nini hakuniita?"

Ningeweza kudanganya tena. Nawaambia ukweli, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema aliogopa, ningesema alitaka liishe kwanza. Angeamini.

Nikasema, "Tata, alikuita. Mara tatu. Mimi sikukwambia. Nikamwambia umekataa."

Mikono yake ilikuwa inaizungusha ile kofia.

"Alisemaje ulipomwambia nimekataa?"

"Alisema nisikulazimishe."

Hapo ndipo baba yangu alipolia. Mtu wa miaka sabini na kitu, na koti lake la kanisani, watu wanapita.

"Ningekuja," akasema. "Waitu, jamani, hata kwa miguu ningekuja."

Nikapiga magoti palepale kwenye mbao nikamwomba msamaha. Akaniinua kwa kunishika kiwiko. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Akavuka peke yake mpaka bustani ya pili, akasimama kule, akarudi. Tukapanda gari kurudi Muleba.

Nilichojifunza: ukikubali kubeba maneno ya watu, yafikishe kama ulivyopewa. Hata likiwa gumu, hata ukijua jibu litauma. Mimi nilimjibia mtu ambaye sikumuuliza, na kaka yangu akaingia kaburini akiamini baba yake amemkataa mara ya pili. Hilo siwezi kulirekebisha kwa magoti.

Na nyie mlionuniana na ndugu zenu huku mkitumia mtu wa katikati, pigeni simu wenyewe. Leo.

Tata yupo, mzima. Nikienda tunakula, ananiulizia wanafunzi wangu, ananifungia ndizi za kuondoka nazo. Hajawahi kulitaja tena lile jambo.

Ila alinunua simu, ya batani. Siku hizi akitaka kumwambia mtu jambo lolote, hata la kuazima panga tu kwa jirani, anapiga mwenyewe. Mimi hanitumi tena.

Kama kuna aliyewahi kufanya kosa la namna hii na aliyekosewa hayupo tena, naomba aniambie anaishije nalo. Wa kunisema pia waseme, nitasoma yote.