Kufuli na Mahindi Yenye Homa

Mtunza ghala mmoja walimwita Kufuli, kwa kuwa hakuna alichokipenda duniani kama kufunga. Alifunga milango, madirisha na kabati la stoo. Siku moja alipitiwa akafunga hata kabati la vikombe la mkewe, akaenda na ufunguo kazini. Miaka ishirini na miwili alitunza ghala lile la nafaka, na hakuwahi kukubali kufundishwa jambo na mtu aliyemzidi umri. Waliozaliwa nyuma yake ndiyo kabisa, hata salamu zao alizitilia shaka.

Balaa lilianza yalipoletwa mahindi yaliyonyeshewa njiani. Kufuli aliyashika, yakamnata kiganjani, akamwambia meneja kwamba hayajakauka.

"Pokea," alisema meneja, mtu wa tai fupi na tumbo refu. "Yatakaukia ndani."

Yakapokelewa, yakapangwa mpaka karibu na dari, na Kufuli akafunga kila kilichofungika.

Wiki ya pili, baada ya chakula cha mchana, aliwakuta makuli wote sita wamejilaza juu ya safu moja ya magunia, wanakoroma kama mashine ya kusaga.

"Ghala lote hili, mbona mmebanana hapo?"

"Mzee, hapa pana joto," alisema nyapara wao, jitu la miraba minne. "Mgongo wenyewe unashukuru."

Kufuli akagusa gunia. Kweli, lilikuwa na joto kama paji la mgonjwa. "Mmelilalia mpaka limepata homa!" alifoka, na usingizi ukapigwa marufuku papo hapo.

Kesho yake hakuna aliyelala, na joto limezidi. Sasa Kufuli akawa na hakika: wameficha jiko. Akaamuru safu nzima ishushwe, naye kasimama chini, mikono kiunoni, akingojea mkaa. Yakashuka magunia themanini. Jiko halikuonekana. Kilichotoka ni mvuke na harufu ya kuchacha.

Nyapara akauliza kwa upole wa kuudhi, "Mzee, tukalitafute na mfukoni mwako?"

Jumamosi aliwasimulia nyumbani, akiwa bado amevimba. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa mwalimu wa baiolojia, alicheka mpaka akaishika meza.

"Shemeji, mahindi yako yanapumua."

"Mahindi hayana pua."

"Punje ni kiumbe hai. Ndani yake mna seli, na kila seli ina vijumba vidogo vya kuzalisha nguvu. Seli inavunja wanga kuwa sukari, inaichoma polepole kwa hewa, inapata nguvu ya kuishi. Kinachobaki ni maji, hewa chafu na joto. Punje ikiwa kavu inaishi kama imelala. Ukiilowesha, inaamka na njaa. Ukungu nao ukiingia, unakula na kutoa joto vilevile."

"Inakula nini humo gizani?"

"Inajila yenyewe."

"Uongo wa vitabuni," alisema Kufuli.

Shemeji hakubishana. Alichukua chupa mbili za chai za dada yake. Moja akatia mahindi yaliyolowekwa, nyingine mahindi yaliyochemshwa yakafa, kisha yakapozwa. Yote aliyaosha kwa dawa ya kuua vijidudu, akaziba kwa pamba na kusimika vipimajoto. Mkewe Kufuli alilalamika siku mbili nzima kuwa anakunywa chai ya baridi kwa ajili ya elimu.

Siku ya tatu wakasoma. Chupa ya wafu ilikuwa baridi kama chumba. Ile ya walio hai ilizidi kwa nyuzi saba.

Kufuli alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Alivaa koti akaenda moja kwa moja kwa meneja.

"Mahindi yanapumua," alisema. "Yanataka kuanikwa."

"Umekunywa nini asubuhi hii?"

"Njoo utie mkono."

Meneja alizamisha mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, akauchomoa mbio, kioo cha saa kimefunikwa na mvuke. Mahindi yakaanikwa uani kwenye maturubai siku nne, jua likiwa kali. Magunia kumi na moja yalikuwa yameoza, yakatupwa. Mengine yakapona.

Tangu hapo Kufuli alishikwa na ugonjwa wa kufundisha. Kila kuli aliyeinua gunia alihubiriwa. "Hata wewe, hiyo misuli imejaa seli, nazo zinachoma sukari! Bila chakula na hewa, hunyanyui hata kifuniko!"

Nyapara alimsikiliza wiki nzima, kisha akalitua gunia chini.

"Mzee, kumbe unajua. Sasa mbona tunabeba tangu alfajiri mpaka saa saba na tumbo tupu?"

Mchana huo Kufuli alirudi kwa meneja, akaanza na vile vijumba vya kwenye seli. Meneja alivumilia mpaka kwenye wanga, akainua mikono.

"Wape chai na mkate saa nne. Ila mimi nisisikie tena habari za seli!"

Siku ya kwanza ya chai ile, makuli walimsogezea Kufuli kreti akae nao. Akaketi, akamega mkate, akavuta pumzi ili aanze somo. Wote sita wakapiga kelele kwa pamoja, "Kula kwanza, mzee!"

Akala.